Jakuzi Mbili na Mkono Mmoja

Goma kuna watu wa kuulizwa kama lori za viazi zimeshuka kutoka Kibumba, kuna wa kuulizwa barabara ipi imefungwa leo, na kuna Asumini binti Useni wa Majengo, ambaye anaulizwa maji. Watu wanamwita Mama Farida. Mwanamke akijifungua, kabla hata kitovu cha mtoto hakijakauka, mama mkwe anatuma pikipiki: kamwiteni Mama Farida, mwambieni maji yako jikoni.

Bibi yake alitoka Kasongo, kule Maniema, akimfuata mume aliyechuuza vitenge na chumvi. Alifika Goma na cherehani moja na ujuzi wa kukanda wazazi. Cherehani ilikufa siku nyingi, ujuzi ndio uliolisha watu. Ulipita kwa bibi, ukapita kwa mama, na Asumini alipotimiza miaka kumi na minane ukatua kwake, wala hakuombwa ruhusa.

Kukanda si kuogesha, asije mtu akakudanganya. Mzazi anakalishwa kwenye kigoda, maji yamechemka na majani ya mkaratusi, taulo linachovywa, linakamuliwa, linagandamizwa tumboni, kiunoni, mgongoni, mpaka mwili uliotawanyika urudi mahali pake. Maji lazima yawe ya moto. Yakipoa, baridi inaingia mifupani na majirani wanakusema mwaka mzima. Yakizidi, umempika mtoto wa mtu. Katikati kuna mpaka ambao haujaandikwa popote, na kwa miaka arobaini na mitatu mpaka huo ulikaa kwenye kiwiko cha mkono wa kulia wa Asumini. Anakichovya, anatulia kidogo, anasema "Bado" au anasema "Sasa." Hakuna aliyewahi kubishana naye. Mwaka ule volkano iliposhuka mjini na watu wakakimbilia Gisenyi, upande wa Rwanda, yeye alikutwa katika ua wa shule akipasha maji kwenye sufuria ya kuazima kwa ajili ya mzazi wa siku nne. Mwanamume mmoja alimfokea kwamba mji unaungua naye anacheza na maji. Akamjibu bila kugeuka, "Mji utajengwa. Mgongo wa mzazi haujengwi mara mbili."

Ndivyo alivyokuwa, mwenye maneno na mwenye jina. Sasa nikuambie jambo ambalo siku ya jakuzi hakuna mtu aliyelijua ila yeye, Mungu wake na muuguzi mmoja wa zahanati.

Mwaka mmoja kabla, Asumini alikuwa jikoni kwake akigeuza sufuria ya maharagwe. Akasikia harufu ya kitu kinachoungua. Akatazama maharagwe, yako salama. Akatazama kitambaa, kiko salama. Alipotazama mkono akaona ni kidole gumba chake mwenyewe, kimeshikana na chuma cha moto, na hakikumwambia lolote. Muuguzi akampima damu, akamwambia ni kisukari, kimekaa muda mrefu, kimekula mishipa ya hisia. Ganzi ilianzia vidole vya miguu, ikapanda, kisha ikashika mikono, na kufikia mwezi wa Ramadhani ilikuwa imepita viwiko vyote viwili. Angeweza kushona, kukuna nazi, kubeba beseni. Moto tu, na baridi, vilikuwa vimehama. Muuguzi alimpa vidonge na onyo: mama, kaa mbali na maji ya moto. Asumini alicheka mpaka mlangoni, na alipofika nje akalia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na Asumini aliijua methali hiyo, tena aliwahi kuwachapa nayo wengine. Lakini methali ni rahisi ukimpa jirani. Binti yake wa pekee, Farida, baada ya miaka saba ya ndoa na mimba tatu zilizoharibika, alikuwa amebeba ya nne, nayo ilikuwa imekaa. Asumini alikuwa ameahidi kumkanda siku arobaini kamili kwa mikono yake. Ukweli ungetoka, ukoo wa mkwe ungemleta mkandaji mwingine siku hiyohiyo, na ungekuwa na haki. Mzazi wa kwanza kunyang'anywa angekuwa mwanawe mwenyewe. Hilo ndilo alilolikataa. Mambo ya jina yalikuja nyuma, ingawa nayo yalikuja.

Basi akatafuta hila. Alipima kwa gobele, kile kikombe cha kuchotea maji, akahesabu kwa tasbihi. Kila gobele ya maji yaliyochemka, Subhanallah moja. Kila gobele ya maji baridi, Alhamdulillah moja. Ishirini kwa thelathini. Kisha anachovya kiwiko kwa ajili ya macho ya watu, anatulia kidogo kama zamani, anasema "Sasa." Mtoto wa kiume alizaliwa salama, na siku thelathini na saba zikapita hivyo bila mtu kuungua. Usiku alikuwa akimshukuru Mungu kwa kila siku moja iliyopungua.

Siku ya thelathini na nane ndiyo Madame Charline alimwita.

Charline ni mkunga mwenye diploma, mwanamke wa haraka anayetembea na kalamu nyuma ya sikio. Amefungua nyumba ya wazazi upande wa barabara ya Lac Vert, ukuta wa mawe meusi, mlango wa bluu. Alipozaa watoto wake wawili, yeye mwenyewe alikandwa na Asumini, na hakusahau. Aliona wanawake wa siku hizi wanaonea aibu kigoda na beseni, lakini ukiwaambia jakuzi watakuja na shoga zao. Akataka jakuzi moja, na juu ya mlango kibao: Maji ya Mama Farida. Asumini angepata mshahara wa mwezi, kazi ya kukaa, pikipiki za usiku basi.

Tatizo lilikuwa kwamba jakuzi zilikuwa mbili. Moja ilitoka katika nyumba waliyokaa wageni fulani kando ya ziwa, waliofunga virago na kuuza vitu vyao kwa haraka. Ya pili ililetwa na mfanyabiashara wa Butembo aliyeipitisha Kampala. Zilifanana kama mapacha: nyeupe zote, urefu mmoja, kila moja na vijitundu sita vya kupuliza maji na kikalio cha ndani. Hata bei zilikuwa sawa. Wauzaji wote wawili walikubali zijaribiwe, lakini saa nane mchana gari lingekuja kuchukua ile isiyotakiwa. Charline alizipima kwa futi, akamuuliza mume wake, akamuuliza fundi, na kila mtu alimwambia zote ni nzuri.

"Mama Farida, mimi nimechoka," Charline alisema Asumini na Farida walipofika. "Weye ndiye unajua maji. Ile utachagua, njo ile itabaki. Na Farida ataingia wa kwanza, tuone kama mwili wa muzazi unaikubali. Nimemupima, damu imekatika, iko muzuri."

Farida alifurahi kama mtoto aliyeahidiwa nguo mpya. Alikuwa amemwacha kichanga amelala chumba cha pili na mfanyakazi wa Charline, na kwa mara ya kwanza katika siku nyingi mikono yake ilikuwa mitupu. Asumini yeye alizitazama zile jakuzi, akatafuta cha kuchotea. Hapakuwa na gobele. Hapakuwa na sufuria wala beseni. Palikuwa na robine tu, zile koki za kufungulia maji, na maji yalitokea chini kabisa, kwenye tundu moja, usiyaone hata rangi.

Angeweza kusema tumbo linamuuma. Angeweza kusema aende kwanza nyumbani akachukue majani. Lakini Farida alikuwa ameshavua kitambaa cha kichwa, na maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga.

Fundi Kambere, Mnande mwembamba asiyependa maneno, alitokeza kichwa mlangoni. Alikuwa ameunganisha jakuzi zote mbili na pipa la chuma lililokaa juu ya makala, mkaa wa kuwaka, nyuma ya nyumba.

"Ya moto iko tayari, mama. Mukimaliza ya kwanza munipe demi-heure, nusu saa tu, nichemushe ingine." Akarudi kwenye moto wake.

Asumini aliinamia jakuzi ya kwanza, ile ya wageni. Robine mbili za kung'aa, na juu ya kila moja herufi imechongwa. C na F. Akapumua. C ni chaud, Kifaransa cha moto, F ni froid, cha baridi, hilo hata mtoto wa darasa la kwanza Goma analijua. Akafungua zote mbili kwa pamoja, akashika tasbihi chini ya kanga, akaanza kuhesabu midomo ikicheza. Mizunguko miwili ilipotimia akafunga C. Akaiacha F mzunguko mmoja zaidi. Mbili za moto, tatu za baridi, hesabu ileile ya nyumbani, ila gobele zimekuwa mizunguko ya tasbihi. Akachovya kiwiko. Maji yalimgusa yakawa ni uzito tu, kama mkono unaowekwa ndani ya mchele.

"Sasa," alisema.

Farida aliingia. Asumini hakutazama maji, alimtazama uso. Alitafuta kukunjamana kwa nyusi, kuvuta pumzi kwa meno, dalili yoyote. Farida alifumba macho tu.

"Iko aje?" Charline aliuliza, kalamu tayari.

"Iko muzuri," Farida alisema.

Vijitundu vikapuliza, maji yakacheka, Charline akaandika. Asumini akakaa kwenye kiti cha plastiki. Moja imepita, alijiambia. Imebaki moja.

Wakanywa chai wakingoja pipa lichemke. Nje Kambere alikuwa akipuliza makala kwa bidii. Chumba hakikuwa na dirisha, na mvuke wa jakuzi ya kwanza ulikuwa bado umetanda mpaka kwenye dari. Farida, amejifunga taulo, alimwambia Charline jinsi mtoto anavyonyonya kwa fujo. Walicheka. Asumini naye alicheka, akiwa nyuma yao kidogo, na kikombe kilikuwa mkononi mwake bila yeye kujua kama chai imepoa.

Saa saba na robo Kambere alipiga kelele kutoka nje kwamba tayari.

Asumini akainamia jakuzi ya pili. Robine mbili za kung'aa, herufi juu ya kila moja. C. Na nyingine ilikuwa H.

Alisimama pale muda mrefu kuliko ilivyostahili. H? Akaitafuta froid ndani ya H, haikuwemo. Labda ni jina la kiwanda. Labda ni neno la huko ilikotengenezwa, maana kila mtu ana namna yake ya kuita baridi. Mtu mwingine yeyote angefungua robine, akaweka kidole chini ya tundu, akamaliza kazi. Farida angefanya hivyo, Charline angefanya hivyo, hata yule kichanga angepiga kelele akajua. Na kuuliza hakuweza. Mkandaji wa miaka arobaini na mitatu aulize maji ya moto ni yapi? Swali lenyewe lingekuwa jibu.

"Kuna kitu, mama?" Farida aliuliza.

"Hapana. Niko naangalia tu."

C ni C, aliamua. Chaud haibadiliki kwa sababu imevuka mpaka. Akafungua zote mbili, tasbihi ikaanza kutembea. Subhanallah. Subhanallah. Jasho lilimtoka kwenye paji, akalifuta na kanga. Mizunguko miwili, akafunga C. Akaiacha H mzunguko wa tatu. Charline alikuwa akitazama saa, gari la muuzaji haliko mbali. Maji yakapanda mpaka kwenye mstari. Asumini akafunga, akakunja mkono wa gauni, akatumbukiza kiwiko, akakiacha humo akihesabu moyoni ili kusiwe na tofauti na mara ya kwanza.

"Iko aje?" Charline aliuliza.

"Iko sawa."

Charline akabonyeza kitufe. Vijitundu sita vikapuliza kwa nguvu kuliko vile vya kwanza, maji yakaruka, na tone moja likamtua Asumini kwenye mdomo wa chini.

Lilimchoma.

Midomo yake ilikuwa bado hai. Lile tone lilikuwa cheche. Asumini alitazama mkono wake uliokuwa bado ndani ya maji yaleyale, mtulivu kama wa mtu aliyelala. Bado ningali na nafasi, aliwaza. Nitaongeza baridi, hakuna atakayejua. Siku mbili tu zimebaki.

"Subiri kidogo, Farida. Niongeze baridi."

Akafungua H.

Akahesabu kumi. Tone lingine likamruka shingoni, kali kuliko la kwanza. Hakuelewa. Alidhani baridi haijafika, akaifungua H mpaka mwisho. Ishirini. Mvuke ukamjaa usoni, na sasa ulikuwa unachoma macho. Alikuwa ameshika robine kwa mkono mmoja, na mwingine ameuacha majini ili Charline aone kwamba mambo ni salama. Thelathini. Kila alivyozidi kupoza ndivyo maji yalivyozidi kuwa makali, na akilini mwake hapakuwa na robine nyingine ya kufungua, kwa sababu C ilikuwa ni moto, na hilo hata mtoto wa darasa la kwanza analijua.

"Mama, inatosha," Farida alisema nyuma yake. "Niko nasikia baridi huku nje."

"Ngoja."

"Mukono yako si iko mule ndani?"

Farida aliangusha taulo, akashika ukingo wa jakuzi, akanyanyua mguu. Hakupima. Kwa nini apime? Mkono wa mama yake ulikuwa ndani ya maji. Asumini aliuona unyayo wa mwanawe ukipita juu ya ukingo, ule unyayo aliokuwa akiukanda kila asubuhi tangu azae, ukishuka, na katika kifua chake maneno yote ya uongo aliyokuwa ameyapanga yakakimbia, likabaki moja tu la kweli.

"Usiingiye! Siko nasikia!"

Akamrukia kiunoni. Wakaanguka wote wawili kwenye sakafu yenye maji, kiti cha plastiki kikapinduka, Farida akapiga yowe, maana vidole viwili vya mguu vilikuwa vimeshagusa. Kichanga kikaamka chumba cha pili kikaanza kulia.

Charline alidhani ni masikio. "Hauko nasikia nini, Mama Farida? Ni nini?"

"Moto," alisema Asumini akiwa bado sakafuni, amemshika binti yake. "Siko nasikia moto. Mikono yote mbili. Tangu mwaka jana. Ni sukari. Hiyo maji itamuua mutoto yangu, funga ile kitu!"

Charline akafunga robine, akachovya ncha ya kidole, akakivuta kama aliyeumwa. Kisha akamtazama Asumini. Ngozi ya mkono wake kuanzia kwenye kiwiko kushuka ilikuwa imevutika, inang'aa, na mahali pawili ilikuwa imeanza kujikusanya maji chini yake. Asumini naye akautazama. Ulikuwa mkono wa mtu mwingine. Haukumuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililomtoa machozi.

Kambere aliingia mbio kwa lile yowe. Alitazama maji, akatazama robine, akajua.

"Mama, ulifungua H?"

"Nilitaka kupoza."

"Hii ni ya Kampala, mama. Ni Kiingereza. Kule C njo baridi. H njo moto." Alitaka kucheka, maana fundi hucheka, lakini aliuona mkono, akavua kofia. "Sikusema. Nilijua tu mutaweka kidole."

Hebu tazama mambo. Herufi moja, umbo moja, na ukiwa Goma ni moto, ukivuka mpaka pale Bunagana ukapanda basi la Kampala ni baridi. Wazungu wawili walishindwa kukubaliana juu ya kijiherufi kimoja, wakatugawia sisi kila mmoja ya kwake, na ugomvi wao tunaumalizia kwenye ngozi zetu. Lakini Asumini hakulaumu herufi. Wanawake elfu moja wangekosea ile C na hakuna hata mmoja angeungua, kwa sababu wangekuwa na kidole.

Charline alimkalisha chini ya bomba la uani, akaacha maji ya ziwa yapite juu ya mkono dakika ishirini, hakukubali mtu alete mafuta wala dawa ya meno. Akamfunga kitambaa safi. Vidole vya Farida vilikuwa vyekundu tu, havikutoka lengelenge. Alimchukua mtoto, akamnyonyesha, akakaa kwenye ngazi, akampa mama yake mgongo. Mgongo huo ulimchoma Asumini kuliko lile tone.

Gari la muuzaji lilipiga honi mlangoni.

"Chukueni hii," alisema Asumini kabla hajaulizwa, akaonyesha mlango wa chumba kwa ule mkono usioungua. "Ile ya Kampala iende. Mwenye atakuja hapa usiku na uchungu hataanza kufikiria ni kizungu ya nani. Ibaki ile ya C na F."

Charline alimwambia Kambere aifungue mabomba. Watu wanne waliibeba, maji yake ya mwisho yakimwagika njia nzima, yakitoa moshi juu ya mawe meusi. Ilipotoka, Charline alirudi akachuchumaa mbele ya Asumini. Ile kalamu haikuwa tena nyuma ya sikio.

"Mama Farida. Sitaweza kukupatia wazazi."

"Najua."

"Kesho asubuhi nitakupeleka kwa munganga wa sukari. Mimi mwenyewe."

"Sawa."

Ilikuwa imeisha hivyo, miaka arobaini na mitatu, kwa "najua" na "sawa." Asumini alishangaa jinsi ilivyokuwa nyepesi kusema na jinsi ilivyokuwa nzito baada ya kusemwa. Alijiona kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Tena aliona nafuu, na nafuu hiyo ilimtia aibu. Alinyanyuka, akaenda kukaa kwenye ngazi, si karibu sana na binti yake. Mtoto alikuwa amelala tena, titi bado mdomoni.

"Unaweza kunitukana," alisema. "Ningekuchoma."

Farida hakumtukana. Alikuwa akitazama barabara, pikipiki zikipita zimebeba mabido ya maji.

"Siku zote hizo ulikuwa unapima na nini?"

"Gobele. Nilikuwa nahesabu."

"Mm."

Kisha Asumini akauliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza mtu yeyote tangu azaliwe, na sauti yake ilitoka ndogo.

"Maji yangu ilikuwa aje?"

Farida alimwinamia mtoto, akamtoa titi, akamfunika.

"Ilikuwa baridi, mama."

"Ya leo?"

"Ya leo, na ya jana. Tangu siku ya kwanza. Ya moto haikukuwa hata siku moja."

Asumini alifunga macho. Ile hofu yake ya kuchoma, bila shaka, ilikuwa inaijaza gobele ya baridi mpaka juu na ya moto inaipunja, na leo ilikuwa imeifungua F kuliko C. Siku thelathini na saba alimkalisha mwanawe kwenye kigoda, akamgandamiza taulo la vuguvugu mgongoni, akamwambia sasa.

"Na ukanyamaza?"

"Siku ya tano mama mukwe aliweka kidole. Akasema maji imepoa, umezeeka, atatafuta mutu mwingine." Farida alivuta pumzi. "Nikamwambia ni mimi nilikuomba upoze. Nikasema moto inaniletea kizunguzungu. Sikutaka mutu mwingine anishike, mama. Nilikutaka weye."

Sasa Asumini alilia kweli, kwa sauti, mdomo wazi, bila kuficha uso, mpaka Kambere aliyekuwa akikunja mabomba uani akageuka ukutani. Farida alimwacha alie. Alipopunguza, alimsogelea, akauchukua ule mkono uliofungwa kitambaa akauweka kwenye paja lake, taratibu, ingawa alijua haumuumi.

"Imebaki siku mbili," alisema Farida. "Kesho ukitoka kwa munganga utakuja. Mimi nitaweka kiwiko. Weye utaniambia nashika taulo wapi."

"Na ikizidi moto?"

"Nitasema. Ikipoa, nitasema. Na weye, mama, useme."